Kijiji Kinaposema Hapana

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwafunza wafanyakazi wa maendeleo kupanga na kusimamia miradi pamoja na wananchi. Nina jambo moja ninalotaka mlisikie kabla hamjatawanyika. Tunawafundisha vijana wetu mbinu nyingi za kuufikisha mradi kijijini mpaka ukubaliwe, lakini hatuwafundishi la kufanya kijiji kikikataa. Naamini kwa dhati kwamba ushirikishwaji hupimwa hapo, kwenye kukataa, kwa sababu mtu asiyeweza kusema hapana hawezi pia kusema ndiyo yenye maana.

Nianzie milima ya Uluguru. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha huko mpango mkubwa wa hifadhi ya ardhi. Wataalamu wake walikuwa wameona jambo la kweli: miteremko ilikuwa inamomonyoka na mito ikibeba udongo. Dawa waliyoichagua ilikuwa matuta ya ngazi. Wananchi waliamriwa kuyachimba, na amri hiyo ilikuwa na adhabu nyuma yake. Lakini udongo wenye rutuba katika milima ile ni tabaka jembamba. Ukikata ngazi kwenye mteremko mkali unaufukia udongo wa juu na kufukua wa chini, ambao hauna kitu. Akina mama waliokuwa wakilima kila siku waliliona hilo kwenye mahindi yaliyodumaa. Isitoshe, Waluguru walikuwa na njia yao ya kulima mteremko, ya kupanga magugu na mabua kwa mistari inayokata mlima, kisha kuyafunika kwa udongo yaoze. Na ardhi yenyewe ilikuwa ya ukoo, ikipita upande wa mama. Anayechimba tuta la kudumu kwenye shamba alilopewa alitumie tu anagusa swali zito la nani mwenye shamba. Maswali hayo hayakuwa na mahali pa kuulizwa.

Mwezi Julai 1955, huko Matombo, umati ulikusanyika kuupinga mpango. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango wa matuta ukaachwa, na chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kikakuta masikio yaliyo tayari katika milima ile.

Nawaomba muwatazame zaidi mabwana shamba waliokuwa katikati. Wengi walikuwa Waafrika, wenye macho na masikio kama ya wanakijiji. Kazi yao ilikuwa kupima, kuhimiza na kuripoti matuta yaliyokamilika. Haikuwa kazi yao kupeleka juu habari kwamba mahindi yamekataa. Fomu haikuuliza hivyo, na mafunzo waliyopewa hayakuwaandaa kwa hilo. Kati ya hapana ya kwanza, iliyosemwa kwa sauti ya chini shambani, na risasi ya Matombo ilipita miaka mitano, na katika miaka hiyo yote hapakuwa na mtu aliyeajiriwa kuisikia.

Watu wa vijijini mara nyingi hawakatai kwa kupiga kelele. Hupiga makofi mkutanoni, halafu siku ya kazi hawaji. Huchimba tuta lililo karibu na njia anayopita bwana shamba. Humtuma mtoto badala ya mtu mzima. Hutoa mchango wa kwanza na wa pili hawautoi. Afisa asiyefunzwa kuzisoma alama hizi huandika kwenye ripoti kwamba mwamko wa wananchi ni mdogo. Natamani maneno hayo yangepigwa marufuku kwenye ripoti zetu zote. Mara nyingi mwamko ni mkubwa sana, ila umeelekea upande ambao hatutaki kuuona.

Kuna wakati ambapo hata nafasi ya kukataa haikuwepo. Mwaka 1947 Waingereza walianza kulima karanga Kongwa, katika nchi ya Wagogo, na baadaye Nachingwea na Urambo. Walipanga kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Mwanzoni mwa 1951 mradi ulivunjwa, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Ardhi ya Kongwa hukauka ikawa ngumu kiasi cha kuvunja majembe ya trekta, na mvua yake haitabiriki. Mgogo yeyote aliyewahi kuhamisha ng'ombe wakati wa ukame angewaeleza hayo bila malipo.

Msidhani haya ni ya wakoloni peke yao. Mwaka 1968, katika andiko lake la Uhuru na Maendeleo, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, hujiendeleza wenyewe kwa kushiriki katika maamuzi na kuelewa wanalolifanya. Miaka mitano tu baadaye, kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya Watanzania walihamishiwa kwenye vijiji, na sehemu nyingi hawakuulizwa. Naliweka jambo hili mbele yenu kwa uchungu, kwa sababu waliotekeleza wengi walikuwa maafisa wazuri, walioyasoma maandiko hayo na kuyaamini. Imani njema bila ujuzi wa kusikiliza, na bila njia ya kurudisha jibu juu, haikutosha kuwazuia.

Lakini mwaka uleule wa 1973 nchi hii ilifanya jambo jingine ambalo kila mkufunzi wa maendeleo anapaswa kulijua. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Watu takriban milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza na kujadili. Ili vikundi hivyo viwe na wa kuviongoza, walifunzwa viongozi wapatao 75,000. Hebu lifikirieni jambo hilo. Hawakuwa wataalamu. Walikuwa walimu wa shule za msingi, watumishi wa chama, wakulima waliojua kusoma. Waliwezaje kufunzwa wote? Kwa kushushwa ngazi kwa ngazi: kundi dogo lilifunzwa likaenda kufunza mikoani, la mikoani likafunza wilayani, la wilayani tarafani na vijijini. Na kila ngazi ilifundishwa jambo lilelile, tena dogo: kikundi kisikilize kipindi cha redio, kisome kijitabu, kijadili yanayohusu mahali pake, kisha kiamue la kufanya. Kiongozi asihutubie. Aulize, na akishauliza asubiri. Vyoo vilichimbwa, vichaka vikafyekwa, maji yakachemshwa, kwa wingi ambao maagizo ya mabwana afya hayakuwahi kuufikia.

Kampeni ile ilikuwa na upungufu wake, na lazima niuseme. Mada ilichaguliwa Dar es Salaam. Kikundi kilichoona kwamba tatizo lake kubwa ni ushuru wa mazao au nyani shambani hakikuwa na pa kulipeleka. Kilipewa uhuru wa kuamua jinsi ya kulitatua tatizo, hakikupewa uhuru wa kulitaja. Hata hivyo, kama mafunzo, Mtu ni Afya inatuachia ushahidi kwamba stadi ya kuongoza mjadala haihitaji shahada. Ukinieleza kwamba huwezi kupata wawezeshaji wa kutosha kwa sababu bajeti ni ndogo, nitakuuliza umewatafuta wapi.

Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1970, wazo la utafiti unaofanywa pamoja na wananchi lilikuwa linakua Dar es Salaam, kupitia kwa watu kama Budd Hall wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini. Kati ya 1975 na 1979 Swantz na wenzake, Wafini na Watanzania, waliendesha mradi wa Jipemoyo katika Wilaya ya Bagamoyo. Waliishi na wanavijiji, wakiwemo wafugaji wa Kiparakuyo, na walitafiti mambo ambayo wenyeji walitaka yajulikane. Nawakumbusha haya wanachuo kwa sababu leo mnapewa vitabu vya ushirikishwaji vilivyoandikwa Ulaya, mkadhani kwamba elimu hii imetoka huko ikiwa imekamilika. Sehemu ya mizizi yake imo kwenye udongo huu.

Tuje sasa kwenye mbinu. Mwaka 1983 mtafiti Mwingereza, Robert Chambers, alitoa kitabu kuhusu maendeleo ya vijijini kilichowaeleza wataalamu jinsi wanavyokiona kijiji. Wanakwenda kwa gari, kwa hiyo wanaona nyumba za kando ya barabara. Wanakwenda kiangazi, kwa hiyo hawaioni njaa ya masika. Wanaongea na viongozi, na wanaume, na wenye afya. Wanarudi mjini jioni wakiwa na uhakika kwamba wamekijua kijiji. Kutokana na mawazo hayo, na ya watu wengi wa Asia na Afrika, zilijengeka mbinu mnazozijua: ramani ya kijiji inayochorwa chini, kalenda ya msimu, matembezi ya kukata kijiji kutoka upande mmoja hadi mwingine, historia inayosimuliwa na wazee, kupanga vipaumbele kwa kulinganisha mambo mawili mawili kwa kokoto au mbegu.

Mbinu hizi ni nzuri na ninazipenda. Ninachokipigania ni namna tunavyozifundisha. Mwanachuo anafundishwa hatua za kuchora ramani na anapata alama kwa kuzitaja kwa mpangilio. Lakini mambo yenye uzito hutokea pembeni ya ramani, na hayo ndiyo tungeyafundisha. Ramani ikiwa chini, ya kijiti na majivu, bibi asiyejua kusoma anaweza kuinama akafuta mstari akasema kisima hakiko hapo. Halafu mwezeshaji anatandika bango kitita na kutoa kalamu rashasha ili ramani ihamishwe kwenye karatasi. Angalieni kitakachofuata. Bibi anarudi nyuma. Kalamu inachukuliwa na mwalimu, au mtendaji wa kijiji, au kijana aliyemaliza kidato cha nne. Nyumba tano za kitongoji cha mbali hazihamishwi kwa sababu karatasi imejaa. Ile ya chini inapepetwa na upepo, na ya karatasi ndiyo inayokwenda wilayani. Mafunzo yangu ya mwezeshaji yangetumia siku nzima kwenye dakika hizo kumi. Nani ameshika kalamu? Nani amerudi nyuma? Utafanya nini ili mchoro wa karatasi usomwe kwa sauti mbele ya waliochora wa chini, wausahihishe kabla haujakunjwa?

Vivyo hivyo kwenye kukaa. Mkutano ukiitishwa saa nne asubuhi, wengi wa akina mama wako kisimani au shambani. Waliokuja wanakaa chini, nyuma, na wanaume wanakaa kwenye mabenchi. Afisa anayejua kazi yake ataitisha kikao cha wanawake peke yao, saa wanayoitaja wao, na mezani atakaa mwezeshaji wa kike. Kisha ataleta waliyoyasema kwenye mkutano wa wote bila kutaja aliyesema. Mambo haya si madogo. Kilomita nyingi za mabomba zimelazwa kupita mahali pasipofaa kwa sababu anayechota maji hakuwa kwenye kikao.

Kuna mbinu ya namna nyingine iliyotoka kwenye ofisi za wafadhili. Mwaka 1969 shirika la misaada la Marekani lilitengenezewa jedwali la mantiki ya mradi, lenye safu za lengo, matokeo, shughuli, viashiria na dhana zinazotegemewa. Mwaka 1983 Wajerumani waliliongezea hatua za kupanga kwa pamoja, kadi zikibandikwa ukutani na mti wa matatizo ukichorwa. Wengi wenu mtaishi na jedwali hilo kila siku, maana bila hilo andiko la mradi halipokelewi. Lina faida yake: linamlazimisha mtu kueleza kwa nini anadhani kazi hii italeta matunda yale. Lakini limeundwa kwa ajili ya anayetoa fedha kumbana anayezitumia. Mwanakijiji hana safu yake humo ya kumbana yeyote. Lifundishwe, ila baada ya mwanachuo kujua kusikiliza. Mpangilio wa sasa, ambapo jedwali linakuja muhula wa kwanza na kijiji kinakuja mwaka wa mwisho, umegeuzwa.

Niongeze neno juu ya sauti ya kwanza ambayo kijiji hutoa. Ukiuliza mkutano mnataka nini, utajibiwa zahanati, daraja, maji, shule. Majibu hayo ni ya kweli, ila wananchi wameshajua orodha ya vitu ambavyo serikali na wafadhili hutoa, na wanaagiza kutoka kwenye orodha hiyo. Mwezeshaji aliyefunzwa vizuri anaipokea zahanati kwa heshima, kisha anauliza usiku wa juzi mama alipopata uchungu ilikuwaje. Hapo mambo yanafunguka. Zahanati ya kijiji jirani ipo, ila mto ukijaa haipitiki. Au muuguzi ameondoka kwa sababu hakuwa na nyumba ya kuishi. Au bajaji ipo na nauli haipo. Pengine mwishoni bado jibu litakuwa zahanati. Lakini litakuwa limetoka kwenye maisha ya watu.

Tunajua gharama ya kutouliza hivyo. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza 2007 ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Wananchi waliitikia. Walifyatua matofali, wakabeba mawe na maji, wakanyanyua kuta hadi kwenye lenta, wakisubiri serikali iezeke. Kila mmoja wenu amepita mahali penye maboma hayo, majani yameota ndani, mengine yakisubiri paa kwa miaka. Serikali imetenga fedha mwaka hadi mwaka kuyamalizia, na mengi yamekamilika. Lakini fikirieni mzee aliyetoa mchango wake na nguvu zake, akaliona boma likinyeshewa mvua. Afisa mpya anapokuja kumwambia tuibue mradi, mzee yule ana haki ya kunyamaza. Kunyamaza kwake ni jibu, na afisa asiyeliona boma hataelewa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulianza kutumia mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, kila kijiji kikae, kitazame kilichonacho kabla ya kutaja kinachokosa, kiandike mpango wake. Nauheshimu sana mwanzo wake, wa kuanza na fursa. Shida ilikuja pale mipango ya vijiji ilipopanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ikafika halmashauri, ikakuta bajeti isiyotosha hata robo ya yaliyoandikwa. Mpango wa kijiji ukageuka orodha ya maombi. Baadaye, kwa ushirikiano na Wajapani kupitia shirika lao la JICA, mfumo uliboreshwa ili wawezeshaji wakae karibu na kata na waziunge mkono juhudi ambazo jamii imezianza yenyewe. Huo ni mwelekeo sahihi. Bado, hata mwezeshaji wa kata anahitaji stadi ambayo sijaiona kwenye mtaala wowote: kurudi kijijini na kusema, mbele ya mkutano mkuu, kwamba ombi lenu la tatu halikupita, na sababu ni hii, na mnaweza kufanya hivi. Watu huvumilia kunyimwa. Kinachowakatisha tamaa ni kutoletewa jibu.

Upande wa usimamizi hausifiwi sana, ila miradi hufia huko. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuishia Juni 30. Mwaka wa mkulima wa Singida au Dodoma huanza mvua ya kwanza inapodondoka, Novemba au Desemba. Januari na Februari ni palizi. Mei na Juni ni mavuno. Fedha za maendeleo zikichelewa, zikaingia Machi, halmashauri inahangaika zitumike kabla ya Juni, na kijiji kinaambiwa kichimbe mtaro wakati ule ule kinapovuna. Kalenda ya msimu iliyochorwa chini ya mwembe kwa mbwembwe nyingi ilionyesha wazi kwamba mwezi huo hapana mtu mwenye nafasi. Iko kwenye faili. Kumfunza afisa kusimamia mradi ni kumfunza pia kuichukua kalenda ile, kuiweka mezani kwa mkurugenzi au mweka hazina, na kuitetea.

Na maji yanatufundisha kuhusu fedha. Mwaka 1971 nchi ilijiwekea lengo kwamba baada ya miaka 20 kila mwananchi apate maji ndani ya mita 400. Pampu nyingi zilijengwa, na serikali ikabeba uendeshaji wote. Dizeli ilipokosekana na vipuri vilipokwisha, pampu zilisimama, na watu wakarudi kwenye madimbwi huku mnara wa tangi ukiwaangalia. Sera ya Maji ya 2002 ikaamua watumiaji wachangie uendeshaji, na sheria ya 2019 iliyounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, imevipa vyombo vya watumiaji maji nafasi ya kisheria. Sasa mtunza hazina wa chombo hicho, mara nyingi mama mwenye elimu ya msingi na uaminifu mkubwa, anashika fedha za kijiji kizima. Amefunzwa siku ngapi? Anajua kuandika stakabadhi, kuingiza kwenye daftari, kulinganisha na taarifa ya benki? Je, amefunzwa kumkatalia mwenyekiti anayekuja jioni kuazima kidogo? Hili la mwisho ni la uongozi na lina uzito kuliko mengine, na linafundishika. Linafundishwa kwa kuigiza, kwa kurudia, na kwa kumwonyesha kwamba sheria iko nyuma yake. Sheria ya serikali za mitaa Na. 7 ya 1982 inaupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Mapato na matumizi yakisomwa pale kila robo mwaka, na wananchi wakijua wana haki ya kuuliza, mtunza hazina hayuko peke yake.

Sasa niwape mfano wa kukataa uliosikilizwa. Kuanzia miaka ya 1920 misitu ya Shinyanga ilifyekwa, kwanza kupambana na mbung'o, kisha kwa mashamba ya pamba na kwa kuni, hadi mkoa ukaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni ulifanya kama miradi mingine: vitalu vya serikali, miche ya miti ya kigeni, uhamasishaji. Mwitikio haukuwa mkubwa. Maafisa wangeweza kuandika ile habari ya mwamko mdogo. Badala yake mradi ulitazama Wasukuma wenyewe hufanya nini, ukakuta ngitili, eneo ambalo familia au kijiji hulifunga mvua zinapoanza ili majani yaote, kisha hulifungua kiangazi kikali kwa ndama na ng'ombe waliodhoofu. Ndani ya ngitili iliyofungwa miti ya asili huchipua yenyewe kutoka kwenye visiki. Hakuna kitalu kinachohitajika. Kulikuwa pia na dagashida, baraza la jadi linaloweza kuweka kanuni za ngitili na kumtoza faini anayezivunja.

Mradi ukaugeuza mpango wake. Mwaka 1986 ngitili zilizohesabika zilikuwa takriban hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika mamia ya vijiji, na mwaka 2002 HASHI ilitunukiwa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Yapo matatizo pia: wenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa wamenufaika kuliko wasio na kitu, na ngitili zimeanza kuuzwa na kugawanywa. Lakini jambo lililowezekana pale liliwezekana kwa sababu mtu fulani ofisini aliipokea taarifa kwamba miche haitakiwi, akaiona kuwa ni habari yenye thamani badala ya aibu ya kufichwa.

Hili ndilo ninaloviomba vyuo vyetu viliingize kwenye mafunzo: Tengeru, Buhare, Missungwi, Rungemba, Mlale, Chuo cha Mipango cha Dodoma, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vilivyoanzishwa tangu 1975. Mwanachuo anapokwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, apewe kijiji na mpango wenye fedha kidogo za kweli. Akae humo akipita kwenye vitongoji vya mbali kwanza, barabarani baadaye. Kijiji kiwe na haki ya kuukataa mpango wote, na kukataa huko kusimpunguzie mwanachuo alama hata moja. Anachopimwa nacho ni ripoti: ameeleza nani alikataa, kwa sababu gani, kwa njia gani, nani alikubali na kwa nini alikubali, na ofisi ibadilishe nini. Fomu ya ripoti iwe na ukurasa wa hayo. Leo haina, na afisa kijana anayekutana na hapana yake ya kwanza anahisi ameshindwa kazi, basi anaifunika kwa takwimu za mahudhurio.

Kuhusu posho za vikao, maana najua mtaniuliza: ndiyo, watu wafidiwe wanapoachishwa kazi zao kwa muda mrefu. Lakini kijiji kinacholipwa kuhudhuria kitalipwa pia kukubali, na baada ya hapo hutaweza tena kujua kinachofikiriwa. Chakula cha mchana kinachopikwa na wenyeji kwa fedha za mradi kinatosha katika mipango mingi.

Alama zenyewe zitolewe na nani? Nusu zibaki kwa mkufunzi. Nusu nyingine zitolewe kijijini. Mwanachuo asimame kwenye mkutano mkuu, asome ripoti yake kwa Kiswahili kinachoeleweka, neno kwa neno kama atakavyoiwasilisha chuoni, wananchi wamsahihishe, na kamati waliyoichagua wao, yenye wanawake nusu, iandike kama ripoti ni ya kweli. Atakayeambiwa si ya kweli arudi vitongojini akaulize upya, kwa gharama ya chuo, hadi ikubaliwe. Nimekwisha kuongea na baadhi ya wakufunzi waliomo humu, na wako tayari. Wanachohitaji kutoka kwako, Ndugu Mkuu wa Chuo, ni kibali cha kuanza na kundi la muhula ujao, pamoja na nauli.